Tepu Kwanza, Mota Baadaye

Mwishoni mwa Novemba 1861 msafara wa Mwingereza John Hanning Speke uliingia Bweranyange, makao ya Omukama Rumanyika wa Karagwe, ukifyatua bunduki hewani kwa heshima. Mfalme na ndugu yake Nnanaji waliwapokea wageni wakiwa wamekaa chini, miguu imekunjwa. Maongezi yalikuwa mazuri, lakini kilichowatoa watu mbio baadaye kilikuwa kiti. Watu wa ikulu walimwona Speke amekalia kiti cha chuma cha safari, wakaenda kumpasha habari bwana wao, na mgeni akaitwa upya ili aonekane akiwa juu ya kiti chake cha enzi. Maana mtu anayekalia chuma atakuwa nani kama si mfalme?

Katika mizigo hiyohiyo palikuwa na tepu ya kupimia. Wanawake wa ukoo wa kifalme wa Karagwe enzi hizo walinenepeshwa kwa maziwa tangu usichana; unene ulikuwa uzuri, heshima na ushahidi wa wingi wa ng'ombe. Speke aliomba kumpima mmoja wao, shemeji ya mfalme, kwa makubaliano kwamba naye angemwonyesha mikono na miguu yake mwenyewe. Akaandika: mzunguko wa mkono inchi 23, kifua inchi 52, paja inchi 31, shavu la mguu inchi 20. Kwa sentimita za leo ni 58, 132, 79 na 51. Kimo kilimtoa jasho zaidi, kwa sababu mama huyo hakuweza kusimama mwenyewe. Wakahangaika mpaka wakamwinua, tepu ikasoma futi 5 na inchi 8, karibu sentimita 173, kisha mama akaanguka tena chini, amezirai.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama kioja, na Speke alikiandika kama kioja. Ukikisoma ukiwa na swali la fundi wa samani kichwani, unaona jambo jingine: alipima kila kitu isipokuwa vile vinavyohitajika ili mtu akae vizuri na ainuke vizuri. Hakupima urefu wa mguu toka unyayo hadi nyuma ya goti, wala urefu wa paja, wala upana wa nyonga. Mtu mwenye kiti na tepu katika mzigo mmoja hakuviunganisha.

Na mteja wa pili alikuwa naye safarini. James Augustus Grant, mwenzake, alishikwa na kidonda kibaya cha mguu hapohapo Karagwe. Speke alipoondoka kwenda Buganda Januari 1862 alimwacha nyuma, na Grant alikaa miezi kadhaa chini ya ukarimu wa Rumanyika bila kuweza kutembea. Aprili alipoitwa kumfuata mwenzake, alitoka Karagwe akiwa amelala kwenye machela, juu ya vichwa vya wapagazi. Ndani ya miezi michache, basi, ikulu moja ilikuwa na mama asiyeweza kuinuka na mwanamume asiyeweza kusimama. Leo kuna viwanda vinavyoishi kwa kuwauzia viti watu wa namna hiyo, ingawa, kama tutakavyoona, mmoja tu kati ya hao wawili angefaa kuuziwa.

Kiti chenyewe, kiti cha mota kinachomwinua mkaaji, kina asili ya Marekani. Mwaka 1928, katika mji wa Monroe, jimbo la Michigan, mabinamu wawili, Edward Knabusch na Edwin Shoemaker, walitengeneza kiti cha mbao cha barazani ambacho mgongo wake ulilala kadiri mkaaji alivyojiegemeza. Kampuni yao ikawa La-Z-Boy. Miongo kadhaa baadaye ndipo watengenezaji walipoongeza mota chini ya fremu. Mkaaji anabonyeza rimoti, kiti kizima kinapanda na kuinamia mbele taratibu, na mtu anajikuta karibu amesimama, nyayo sakafuni. Akibonyeza upande wa pili kinashuka, kisha mgongo unalala na sehemu ya miguu inanyanyuka.

Leo, katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, kiti hiki hakionekani madukani. Kayanga na Omurushaka utakuta makochi ya sponji, meza za kioo, vitanda vya mbao. Nkwenda na Murongo ni hivyohivyo. Wanaokitafuta huwa ni watoto wenye kazi Dar es Salaam, Mwanza au ng'ambo, wanaotaka kumletea mzazi zawadi ya uzeeni. Nia ni njema. Shida ni kwamba zawadi huchaguliwa kwenye simu, kwa picha na bei, na mzazi anayekwenda kukikalia yuko mbali sana na duka, hajapimwa hata mguu.

Kabla ya vipimo kuna swali la nani hasa anakihitaji. Medicare, bima ya afya ya wazee ya Marekani, ina masharti ambayo kwa maoni yangu yangefaa kubandikwa ukutani kwa kila anayeuza viti hivi. Huchangia gharama ya mtambo wa kuinua tu, kiti chenyewe mtu anajinunulia, na mgonjwa lazima awe na ugonjwa mkali wa viungo vya nyonga au magoti, au maradhi makali ya mishipa ya fahamu na misuli. Awe hawezi kabisa kuinuka kutoka kiti cha kawaida chenye mikono nyumbani kwake. Na akishasimama, awe anaweza kutembea.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Kiti kinamfikisha mtu ukingoni mwa kusimama. Hatua ya mwisho ni ya miguu yake. Aliyepoteza nguvu za miguu kabisa atateleza mbele kiti kinapoinama, na zawadi itageuka ajali. Grant wa Februari 1862 angehitaji machela, fimbo mbili na muda, wala kiti kama hiki kisingemfaa. Shemeji ya mfalme huenda angefaidika, iwapo fremu ingehimili uzito wake.

Kwa upande wa pili wapo wanaonunuliwa kiti mapema mno. Wataalamu wa mazoezi ya wazee wana kipimo kisicho na gharama: kiti kigumu chenye kimo cha sentimita 43 kikiegemezwa ukutani, mikono imekunjwa kifuani, na saa. Mzee ainuke mpaka asimame wima na kukaa tena mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Katika mwongozo unaotumiwa Marekani kukagua hatari ya kuanguka, mwanamke wa miaka 70 hadi 74 asiyefikisha mara 10, au mwanamume wa umri huo asiyefikisha mara 12, yuko chini ya wastani na anahitaji kuangaliwa. Mzee anayevuka idadi hiyo, bado anapanda kilima kwenda shambani na kurudi na mkungu wa ndizi, akipewa mota ya kumwinua atakuwa anapokonywa zoezi lake bora la siku. Misuli ya mapaja isiyotumika hupungua haraka uzeeni, na hairudi kirahisi.

Kati ya makundi hayo mawili kuna watu wengi ambao tatizo lao ni kimo cha kiti. Viti vya nyumbani huku ni vifupi: kigoda cha jikoni kinachoacha magoti juu ya kiuno, kochi la sponji lililobonyea katikati mpaka mkaaji anazama. Kuinuka kutoka hapo ni kazi nzito hata kwa kijana. Utafiti wa namna mwili unavyoinuka umerudia jambo hili kwa miaka mingi. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2002, iliyokusanya tafiti za waliotangulia, ilionyesha kwamba kiti kirefu zaidi kinaweza kupunguza mzigo wa kuzungusha goti hadi asilimia 60, na wa nyonga hadi asilimia 50. Mikono ya kiti ya kujisukumia nayo huipunguzia nyonga mzigo. Hakuna mota hapo. Ni mbao na sentimita.

Hivyo hatua ya kwanza, kabla ya kumpigia mtu yeyote wa Dar, ni kumketisha mzee, kuchukua tepu ya fundi cherehani na kalamu. Mzee avae viatu anavyovaa ndani, akae kwenye kiti kigumu, mapaja yawe sambamba na sakafu.

Pima toka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Hicho ndicho kimo cha msingi cha kiti, na kipimwe kiti kikiwa na mtu juu yake, kwa kuwa sponji hushuka. Mwenye magoti mabovu anaongezewa sentimita kadhaa, mradi unyayo mzima ubaki sakafuni. Tuchukue mfano wa bibi mfupi wa Nkwenda ambaye kipimo hiki ni sentimita 38. Viti vingi vya kuinua vya ukubwa wa kati hukaa kwenye 48 au 50. Mota itamshusha vizuri, lakini akishakaa miguu yake itaning'inia kama ya mtoto kanisani, ukingo wa kiti utambana nyuma ya mapaja, na jioni vifundo vitakuwa vimevimba.

Kisha pima toka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, utoe sentimita 4 au 5. Hiki ni kina cha kiti, na ndicho kipimo kinachowaponza watu kuliko vyote kwa sababu hakionekani kwenye picha. Bibi wetu ana 45, kwa hiyo kina chake ni 40 na ushei. Akipewa kiti chenye kina cha 53 atachagua moja kati ya mabaya mawili: kuegemea mgongo na kunyoosha miguu hewani, au kuteleza mbele hadi akalie mfupa wa mkia, mgongo umepinda na kidevu kifuani. Wengi huteleza. Watoto wakimtembelea wanasema mama amezeeka ghafla, anakaa amejikunja. Wanatupia mito nyuma ya mgongo, na mito inasaidia kidogo mpaka kiti kinapoanza kulala, ndipo yote inahama.

Upana ni rahisi: nyonga, ukiongeza vidole viwili vitatu kila upande. Kiti kipana si starehe kwa mtu mwembamba, kwani viwiko havifikii mikono ya kiti na mwili unaegemea upande mmoja, hasa kwa aliyepata kiharusi. Mgongo wa kiti ufike kichwani, lakini uvimbe wa mto wa juu ukae nyuma ya shingo yake halisi. Kwa mtu mfupi uvimbe huo humsukuma kichwa mbele siku nzima.

Uzito uandikwe kama ulivyo kwenye mizani, bila aibu. Viti vya kawaida huhimili takriban kilo 136 hadi 170; vipo vya watu wakubwa vinavyofika kilo 227 na zaidi, vyenye fremu pana na mota mbili. Kwa mwenye mwili kama wa shemeji ya Rumanyika hilo la mwisho ndilo lingekuwa la kwanza kuulizwa.

Wauzaji hupenda kurahisisha mambo haya yote kwa swali moja la urefu: chini ya futi 5 na inchi 4 chukua kidogo, juu yake cha kati, na kuendelea. Ni pa kuanzia tu. Watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kutofautiana miguu kwa sentimita nyingi, na Karagwe ya wafugaji na wakulima imechanganya maumbo ya kila aina. Tepu haina haja ya kuuliza ukoo.

Vipimo vikishapatikana, peleka karatasi hiyo kwa seremala kwanza. Fundi mzuri wa Omurushaka au Kayanga anaweza kutengeneza kiti kigumu kwa mbao za mkaratusi au msindano, chenye kimo, kina na upana wa mwenyewe, sponji nzito isiyozama, mikono mirefu ya kutosha kufika mbele kabisa ya ukingo ili viganja vipate pa kusukumia, na nafasi wazi chini ya ukingo wa mbele ili miguu irudi nyuma kabla ya kuinuka. Hilo la mwisho mafundi hulisahau kwa kupenda kuziba chini kwa ubao. Mtu hawezi kusimama nyayo zikiwa mbele ya magoti. Ajaribu yeyote anayesoma. Kochi la zamani nalo linaweza kuokolewa kwa kuwekewa miguu mirefu iliyofungwa kwa boliti na ubao chini ya sponji. Kwa idadi kubwa ya wazee safari inaishia hapo, kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na kiti cha mota, ambacho nje ya nchi huanzia mamia ya dola na kufika maelfu kabla ya usafiri.

Wanaobaki ndio wa mota, na kwao uchaguzi una mambo machache ya kweli na mengi ya urembo. Jambo la kweli la kwanza ni namna kinavyolala. Vipo vinavyoegemea kidogo tu, vinavyofaa kusikiliza redio na kunywa chai. Vipo vinavyolala karibu kunyooka. Na vipo vyenye mota mbili, mgongo na miguu vikiendeshwa kila kimoja peke yake, ili mtu mwenye miguu iliyovimba ainue miguu huku kifua kikiwa wima. Hivi ni ghali zaidi, lakini kwa anayelala kitini kwa sababu ya pumzi au maumivu, tofauti yake ni ya usiku mzima. Kumbuka pia kwamba vingi huhitaji nusu mita au zaidi ya nafasi nyuma ili mgongo ulale, na sebule nyingi za nyumba zetu hazina nafasi hiyo.

La pili ni umeme. Kwa miaka mingi Kagera imewashiwa taa na umeme unaotoka Uganda kupitia Mutukula, na karibu na Murongo sasa kuna mtambo wa maji wa Kikagati wa megawati 14 juu ya mto Kagera, ambao umeme wake nchi hizo mbili zinagawana. Hata hivyo umeme hukatika, na kiti kilicholala umeme ukikatika kinaweza kumfungia mtu ndani yake. Viti vingi vina nafasi ya betri mbili ndogo za volti 9, ambazo hutosha kumrudisha mtu kwenye hali ya kukaa au kumwinua mara moja. Ni za dharura, na zikae humo zikiwa nzima. Suluhisho bora zaidi liko karibu. Karagwe ilikuwa na mafunzo ya mafundi wa umeme wa jua tangu miaka ya 1990, kupitia shirika la KARADEA, na ufundi huo umeenea vijijini. Mota hutumia umeme kwa sekunde chache kila mtu anapoinuka, kwa hiyo inveta ya kiasi na betri ya sola hubeba mzigo huo bila shida.

Kilichotoka Marekani kisomwe lebo kabla ya kuchomekwa. Kule umeme wa nyumbani ni volti 120, hapa 230. Mota yenyewe kwa kawaida huendeshwa kwa takriban volti 24 hadi 29 kupitia transfoma ndogo iliyo kwenye waya. Kama lebo ya transfoma inasema 100–240, inatosha kubadilisha plagi. Kama inasema 120 pekee, inanunuliwa transfoma nyingine, la sivyo itaungua siku ya kwanza, mbele ya wageni waliokuja kushangaa. Vilivyotoka Ulaya havina tatizo hilo, jambo la kuzingatia kwa familia zenye ndugu Sweden, Denmark au Ujerumani.

Usafiri nao una vipimo. Kiti kina kilo 40 hadi 60 au zaidi. Kikitoka Mwanza kwa meli hadi Bukoba, kinapanda gari hadi Kyaka na kuingia lami ya Kyaka–Bugene. Baada ya hapo inategemea kijiji. Mgongo huchomoka, kwa hiyo hupita kwenye mlango wa kawaida vipande viwili. Sakafu iwe ngumu na sawa. Kwenye udongo uliopondwa, miguu ya kiti huzama kidogo kila kinapoinama mbele, mpaka siku moja kinainama pembeni, kwa hiyo pamwagwe zege hata la mita mbili za mraba.

Siku za mwanzo mzee asiachwe peke yake nacho. Aliyekaa saa nyingi, damu imetulia miguuni. Akiinuliwa mfululizo shinikizo la damu linaweza kushuka na macho yakaona giza. Madaktari huliita tatizo pale shinikizo la juu linaposhuka kwa 20 au la chini kwa 10 ndani ya dakika tatu za kusimama. Huenda ndicho kilichomwangusha mama wa Bweranyange mikononi mwa Speke. Dawa yake ni kidole: kiti kifike nusu, rimoti iachwe, mzee achezeshe nyayo na kuhesabu hadi sitini, ndipo kiendelee. Wanaotumia dawa za presha wazungumze na daktari kwanza, katika hospitali ya Nyakahanga kwa watu wa Karagwe au Isingiro kwa wa Kyerwa, na wakati huohuo waulize kama magoti hayo yanatibika.

Rimoti itundikwe upande wa mkono wenye nguvu, na kwa anayetetemeka mikono iwe ya vitufe viwili vikubwa tu. Wajukuu wasiichezee. Kiti kikiwa juu, chini yake panakuwa kama pango zuri la kujifichia, na kinaposhuka pango hilo hufunga kwa nguvu ya mtambo mzima pamoja na uzito wa aliyekaa.